Jozi

Mimi na Vazha tunatengeneza lifti za Kutaisi,
zile kuukuu, zinazodai sarafu kabla hazijakupandisha.
Ukutani kuna kibao: watu watatu, kilo mia mbili na hamsini.
Siku ile tulikuwa wawili na sanduku la spana,
tukakwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba.

"Ni kebo," akasema Vazha.
Nikapapasa. Kebo i nzima.
"Basi mota."
Mota nayo salama.
Tukakitazama kibao, kisha tukatazamana,
matumbo yetu yamekwisha kusalimiana zamani,
na mfukoni mwake mkate wa jibini, moto bado,
unachuruza siagi hadi kwenye kiatu.
Tukaumega. Tufanyeje? Tulikaa mle saa nzima.
Lakini tuliutafuna kimya,
kama watu wanaofuta ushahidi.

Mimi daktari alikwisha nionya.
Vazha naye alikuwa na karatasi yake,
kaikunja mara nne, kaificha kwenye pochi
nyuma ya picha ya marehemu Eteri.
Sukari, shinikizo, mafuta ya damu:
alinisomea mlemle kwa mwanga wa tochi
kama anasoma bili ya jirani.

"Kila Jumatatu naanza," akasema.
"Jumanne nimeshajisamehe."

Ndipo tukaipata hila:
mimi nimpikie yeye, yeye anipikie mimi.
Tumbo langu nalijua, tumezoea kudanganyana.
Lako, Vazha, nitalitazamaje usoni?

Wiki ya kwanza alinipa bitiruti,
mbichi katikati kama tofali lililokosa moto.
Miaka thelathini na minane Eteri alimfukuza jikoni.
Mimi nilimpa maharage yasiyo na chumvi;
akala yote, akaniuliza kama nimemkasirikia.

Tulianguka pia, nisifiche.
Harusini kwa mpwa wangu Tsisana
nilimfuma nyuma ya ukumbi,
midomo inang'aa mafuta ya nguruwe.
Sikumwambia kitu.
Nami nilikuwa nimefuata hilohilo.

Mwezi wa kumi akaja na mfuko wa jozi kutoka kijijini kwao.
Tulikuwa juu kabisa, chumba cha mota,
mto Rioni chini ukifoka kwa mvua ya jana.
Nikatafuta nyundo. Akanizuia.
"Tazama. Jozi moja, kaza ngumi utakavyo,
itakuachia alama kiganjani, basi.
Ziweke mbili."
Ka! Moja ikapasuka.
"Na hiyo iliyobaki?"
"Inangoja mwenzake."

Tukala saba saba, tukihesabiana kama watoto.

Sitasema tumerudi ujanani.
Yeye kapungua kilo nne, mimi mbili na nusu,
na hiyo nusu naishuku mizani.
Lifti bado inaguna tukiingia;
lifti haijali nia ya mtu.
Siku hizi ghorofa za chini tunapanda ngazi,
tunasimama kila kona,
kila mmoja akijifanya anamngoja mwenzake.

Leo nimefungua kopo lake:
spinachi iliyopondwa na jozi,
kipande cha samaki,
na juu yake punje za komamanga,
nyekundu, tele, hakuna hata moja iliyopasuka.
Nikamwona jana usiku, peke yake katika jiko la Eteri,
vile vidole vinene visivyotakata grisi,
akipukuchua punje kwa punje,
redio kaizima asije akakosea.

"Chumvi umeisahau," nikamwambia.

"Sikuisahau," akasema,
akafungua kopo langu.